Kocha wa Maisha na Ujira wa Msanii

Imezuka katikati ya watu wa sanaa biashara ya kuuza mashauri ya kuishi. Mwenye biashara hiyo huitwa kocha wa maisha. Hafundishi utungaji, wala uchoraji, wala upigaji wa ala; yeye hufundisha namna ya kuamka, kupumua, kujipenda, na kujiona tajiri kabla utajiri haujafika. Mshairi aliyechoka, mchoraji aliyekata tamaa na mwimbaji asiyepata usingizi huambiwa kuwa kizuizi chao kimo ndani yao wenyewe, na kwamba kikiondolewa, riziki itafuata. Nakusudia kuonyesha kuwa mafundisho hayo yamekosea katika jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani chanzo cha maradhi, na kuwa madhara yake kwa vijana wetu yanazidi ada wanayotozwa.

Niruhusiwe kuanza na jina, maana kazi yangu ni lugha. Kocha tulimjua kwanza katika kiwanja cha mpira, lakini neno lenyewe limesafiri sana. Asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya kukokotwa na farasi. Likaenea Ulaya kwa maana ya gari. Na katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakalifanya jina la utani la mwalimu wa kukodiwa, aliyembeba mwanafunzi kama gari hata akavuka mtihani. Kutoka huko likaingia michezoni, na kutoka michezoni likaja kwetu. Katika safari hiyo yote aliyeitwa kocha alipimwa kwa kufika kwa abiria wake. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wameanguka hakodiwi tena; na timu ikifungwa mara tano mfululizo, hufukuzwa kocha kabla ya wachezaji. Kocha wa maisha ndiye wa kwanza katika ukoo huu kuepukana na hesabu hiyo. Mteja akifaulu, sifa ni ya kocha; mteja akishindwa, husemwa kuwa hakuamini kwa moyo wote. Mimi sijui biashara nyingine yenye bahati kama hii, isipokuwa ya hirizi.

Umri wake si mkubwa. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa Marekani, alitoa kitabu kilichosema kuwa mchezaji hushindana kwanza na nafsi yake. Thomas Leonard, aliyekuwa mshauri wa mambo ya fedha katika nchi hiyohiyo, alifungua chuo cha makocha mwaka 1992, na mwaka 1995 akaanzisha shirikisho lao la kimataifa. Wasanii nao walipata kitabu chao mwaka 1992, cha Julia Cameron, kinachowaagiza kuandika kurasa tatu kwa mkono kila asubuhi. Agizo hilo silipingi hata kidogo. Kuandika kila siku ni kazi, na mwandishi hadhuriwi na kazi yake. Lakini msomaji aangalie mahali mambo haya yalipoanza. Mtu aendaye kwa mshauri wa fedha ni mtu mwenye fedha za kushauriwa. Kodi yake ya nyumba imekwisha lipwa, watoto wake wamekula, na sasa auliza maana ya maisha. Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Ajabu ni kulichukua jibu lake likiwa zima na kumpa mtu ambaye swali lake lilikuwa jingine.

Tutazame hesabu ya mwandishi. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000, na mkataba unampa mwandishi sehemu 10 katika 100 ya bei. Zikichapwa nakala 1,000, zikauzwa zote, naye akalipwa bila kupunjwa, atapata shilingi 1,000,000. Ikiwa kitabu kilimchukua miezi 18, amelipwa pungufu ya shilingi 56,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya Serikali. Mtu huyu akikesha kwa mawazo, je, tuseme kuwa ana imani haba juu ya nafsi yake? Mimi nasema kuwa ana akili timamu na anajua kuhesabu.

Hata mabingwa wa tiba hawakukubali kuuweka uchovu wa namna hii rohoni mwa mchovu peke yake. Orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa mwaka 2019, yautaja uchovu wa kazi kuwa ni hali itokanayo na kazi, wala haiuhesabu kuwa ugonjwa. Hali ikitoka kazini, yatupasa kwanza kuitazama kazi: saa zake, ujira wake, na mwenye kuitoa.

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika mkutano wa waandishi chipukizi. Washairi sita walisoma tungo zao, wakapewa soda na cheti. Baada yao alisimama kocha, akasema kwa muda wa saa moja na nusu juu ya kuithamini nafsi, akakabidhiwa bahasha mbele ya macho yetu. Binti mmoja miongoni mwa wale washairi aliinua mkono, akauliza kama kuithamini nafsi hakuanzi na kudai nauli. Ukumbi ulicheka. Kocha alimjibu kwa upole kuwa mawazo ya uhaba huzaa uhaba. Yule binti akaketi asiseme neno tena. Kicheko sikijali, wala bahasha siihusudu; ninachokichukia ni ule ukimya. Swali lilikuwa sahihi, na aliyeliuliza aliondoka akidhani kuwa ni dosari ya moyo wake. Mwenye deni hakudaiwa, na mwenye kudai alipewa zoezi la kupumua.

Yamkini nitajibiwa kuwa kupeana mashauri ni desturi yetu tangu zamani. Naam, ni desturi, na ndiyo maana namjua mshauri nikimwona. Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa akimuusia binti yake. Hakuwa na faida ya kungoja katika mashauri yake. Kungwi humfunda mwari naye atabaki mtaani humohumo, na aibu ya mwari ni aibu ya kungwi. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliimba taarabu na kuwafunda wari kwa maisha yake yote. Waliofundwa naye walijua mlango wake. Mihemo ya mgonjwa aijuaye ni mwenye kulala naye. Kocha halali na mtu. Hesabu yake ni ya saa, na saa ikiisha huaga. Watu wa namna mbili hizi hawawezi kuitwa kwa jina moja la mshauri ila kwa ukarimu mkubwa wa lugha.

Na kama twataka mfano wa wasanii waliovuka shida, uko Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora karibu na mwaka 1968 kwa rangi za mafuta juu ya mbao nyembamba za dukani, akauza picha zake Oysterbay. Aliwaweka jamaa na marafiki kando yake, wakajifunza kwa kutazama na kushika brashi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Kwa hesabu ya dunia, wanafunzi wale walikuwa na kila sababu ya kutawanyika. Hawakutawanyika; waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Sisemi kuwa chama hicho hakikupata magomvi, maana hakuna ushirika usiogombana juu ya fedha. Lakini waligombana juu ya kitu kilichopo. Walikuwa na fundi, wakawa na wenzao, wakawa na mahali pa kuuzia.

Mtu aliyezama katika huzuni hata hali wala hatoki kitandani, huyo ni mgonjwa, na aende hospitali. Tena asicheleweshwe na semina ya mwisho wa juma. Huyo simo katika kubishana naye. Nabishana juu ya mzima aliyechoshwa na kazi isiyolipwa.

Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ina yake ya mwaka 2001. Kila mwaka nafundisha vijana wanaoweza kupambanua mizani ya utenzi na ya shairi, na aghalabu hawajapata kusoma mkataba wa uchapishaji hata mmoja. Upungufu huo ni wa idara zetu, na katika nafasi hiyo tuliyoiacha wazi ndimo kocha alimoingia. Kwa sehemu yangu, muhula ujao nitatenga saa mbili za Ijumaa alasiri kwa kusoma mikataba, kifungu baada ya kifungu, pamoja na mwalimu wa sheria aliyekubali kuja. Hakuna ada. Aliyekwisha kutia sahihi aje na nakala yake, hata kama aona haya kwa alichokubali.