Nani Alimwambia Binti Aache Kurusha?

JICHO LA JIRANI
Na Mwanahawa Shekue

Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, Iris Marion Young, alichapisha makala kuhusu jambo ambalo wengi wangeliona la kitoto: namna wasichana wanavyorusha mpira. Kabla yake daktari wa magonjwa ya akili Erwin Straus alikuwa ameona kwamba msichana hurusha kwa mkono tu, sehemu nyingine za mwili zimetulia, ilhali mvulana hujipinda, hurudisha mkono na mguu nyuma. Alipoona misuli haitoshi kueleza tofauti hiyo, Straus akaishia kusema ndivyo mwanamke alivyo. Jibu la uvivu hilo.

Young alilikataa. Kwa mwanafalsafa wa Ufaransa Maurice Merleau-Ponty alichukua wazo kwamba tunaujua ulimwengu kwa mwili unaoweza: nafika, nanyanyua, naruka. Kwa Mfaransa mwenzake Simone de Beauvoir akachukua kwamba mwili wa mwanamke huishi ndani ya hali aliyowekewa na jamii. Binti anayekua akiambiwa utaumia, utachafua gauni, watu wanakutazama, basi kila "naweza" yake hufuatana na "siwezi".

Nakubaliana naye, ila natamani angeuona mchezo wa rede. (Mwenyewe alisema anawazungumzia wanawake wa jamii za viwanda, si wote.) Mitaani kwetu Tanzania wasichana wawili husimama huku na huku, wa tatu yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mpira ni wa soksi na matambara. Pale bega linarudi nyuma, kiuno kinazunguka, na ukichelewa kuinama unaupata wa mgongo. Ni wasichana walewale, na misuli ileile. Tofauti ni kwamba kwenye rede kurusha ni kazi yao. Mvulana anayeomba kuingia ndiye anayechekwa.

Halafu binti anavunja ungo, na mara nyingi rede inaishia hapo. Umeshakua, kaa vizuri. Shuleni anapewa netiboli, mchezo uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 kutokana na mpira wa kikapu, enzi za magauni marefu: usikimbie na mpira, usivuke eneo lako. Siudharau, una mabingwa wake. Lakini mwalimu wa michezo anayelalamika kwamba wasichana wake hawawezi kurusha tufe, awaulize kwanza walikuwa wakirusha nini darasa la tatu, na nani aliwaambia waache.