Mwanamke vitani si pambo

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi watasema ni la watoto. Ni mavazi ya wapiganaji wanawake katika michezo ya video, ile ya hadithi za kubuni yenye majoka, wachawi, panga na ngome. Vijana wetu wanaicheza kwenye simu. Wale wasio na mega za kutosha wanaona picha zake katika matangazo. Kwa maoni yangu, picha hizo zinawafundisha watoto wetu jambo baya juu ya mwanamke na vita, na sisi wa mashariki mwa Congo hatuwezi kulinyamazia.

Tuitazame picha yenyewe. Mwanaume mpiganaji amevaa chuma tangu kichwani hadi miguuni: chapeo, bamba la kifua, mikono ya chuma, buti nzito. Pembeni yake yuko mwanamke wa jeshi lile lile, anayekwenda vita ile ile. Yeye amevaa vipande viwili vya chuma kifuani na kimoja kiunoni. Tumbo liko wazi, mapaja wazi, shingo wazi. Chapeo hana, maana nywele lazima zionekane. Miguuni ana viatu vya kisigino kirefu, kama anayekwenda harusini. Halafu tunaambiwa kwamba hilo ni vazi la vita.

Mtindo huu una historia yake. Mwaka 1973, kampuni ya Marvel ya Marekani ilimleta katika vitabu vyake vya picha mpiganaji mmoja aitwaye Red Sonja. Mara ya kwanza alichorwa akiwa na shati refu la pete za chuma. Mwaka 1974 mchoraji wa Hispania, Esteban Maroto, akamchora akiwa na sidiria na chupi za vipande vya chuma. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu, na wachoraji wengi wakaifuata, kwenye majalada ya vitabu kwanza, halafu katika michezo. Mchezo wa World of Warcraft ulipotoka mwaka 2004, wachezaji waliona kitu cha ajabu: baadhi ya mavazi, ukimvisha mwanaume yalikuwa suruali kamili, ukimvisha mwanamke yaligeuka kuwa chupi. Vazi ni lile lile, na jina lake ni lile lile.

Hata michezo ya askari wa siku hizi haikupona. Katika Metal Gear Solid V, wa mwaka 2015, yuko mwanamke mlenga shabaha aitwaye Quiet. Anapigana karibu uchi, na watunzi wakatoa sababu: ati anapumua kwa ngozi. Wanaume wote wa jeshi wanapumua kwa pua, ila yeye peke yake ndiye mwenye shida hiyo!

Sasa tujiulize, deraya ni ya nini? Wengi wetu tumesikia hadithi ya Daudi na Goliathi. Goliathi alikuwa na chapeo ya shaba na deraya nzito, lakini jiwe lilimpata kwenye paji la uso. Mtu atasema: mbona Daudi alikwenda bila deraya? Ni kweli, alivua ile ya mfalme Sauli kwa sababu hakuizoea. Ila yeye alipigana kwa kombeo, akiwa mbali. Anayekwenda kupigana kwa upanga, uso kwa uso, na tumbo wazi, huyo hana mpango wa kurudi nyumbani.

Hata lile vazi linalofunika kifua chote lina kasoro yake. Bamba la kweli la kifua lilitengenezwa likiwa limebinuka mbele, kusudi ncha ya mkuki iteleze na kwenda pembeni. Ukilitengeneza kwa umbo la matiti mawili, unachimba bonde katikati. Ncha inayoteleza itaelekea humo, kwenye mfupa unaofunika moyo. Fundi chuma aliyetaka kumlinda mwanamke asingefanya hivyo. Mwanamke akiwa ndani ya deraya nzuri, kwa mbali usingemtofautisha na mwanaume.

Na wanawake waliokwenda vitani kweli walivaa namna gani? Jeanne d'Arc wa Ufaransa, ambaye parokia nyingi zinabeba jina lake, alitengenezewa deraya kamili katika mji wa Tours mwaka 1429, kwa livre 100. Tarehe 7 mei mwaka huo, pale Orléans, mshale ulimpata kati ya shingo na bega. Pamoja na chuma chote kile, mshale ulipata pa kuingia. Katika michezo, sehemu hiyo hiyo inaachwa wazi makusudi. Hapa Afrika, wanawake askari wa ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo, walipigana na Wafaransa mwaka 1890 na 1892. Walikuwa na bunduki na mapanga, na walivaa sare ya kazi, si ya kuonyesha mwili.

Hata majeshi ya leo yamelielewa jambo hili kwa kuchelewa. Karibu mwaka 2012 ndipo jeshi la Marekani lilipoanza kuwapa askari wake wanawake fulana za kuzuia risasi zilizokatwa kufuata miili yao, kwa sababu zile za wanaume ziliwabana pahali pengine na kuacha nafasi pengine. Angalieni tofauti: fulana ile ilifuata umbo la mwanamke kusudi imlinde. Vazi la michezo linafuata umbo lake kusudi atazamwe. Sisi waandishi wa habari wa huku tunaijua fulana hiyo. Ni nzito, inatoa jasho, na haimpendezeshi mtu. Hakuna anayeivaa ili asifiwe.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: ni hadithi tu, kama kuna joka linalotema moto, kwa nini tuulize juu ya nguo? Ninajibu hivi: katika hadithi hiyo hiyo, mwanaume amevalishwa vizuri. Mtunzi alijua kwamba upanga unakata, akamlinda mwanaume. Kwa mwanamke tu ndipo alisahau.

La pili: hata wanaume wengine wanachorwa vifua wazi, kama Conan. Ndiyo, lakini kifua cha Conan kimechorwa kuonyesha nguvu. Ni mwili ambao kijana anatamani uwe wake. Mwili wa mwanamke umechorwa kwa ajili ya yule anayeutamani.

La tatu: wachezaji ni wanaume, basi wanapewa wanachopenda. Hilo nalo halisimami. Nchini Marekani, chama cha kampuni za michezo kimeripoti kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya wachezaji ni wanawake.

Basi kwa nini hili lituhusu sisi, tunaohangaika na chakula, kodi ya nyumba na shiti la kujifunika mvua? Linatuhusu kwa sababu huku kwetu mwili wa mwanamke umefanywa uwanja wa vita. Hospitali ya Panzi, kule Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu na maelfu ya wanawake waliobakwa, na mwaka 2018 daktari huyo alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Wamama wa huku wanajua vita inamfanyia nini mwanamke asiye na cha kumlinda. Mtoto wa kiume anayekulia katika nchi hii, halafu kila siku simu inamwonyesha kwamba mwanamke vitani ni mwili wa kutazamwa, anapata somo ambalo hakuna mzazi aliyelichagua. Sisemi kwamba mchezo unamfanya mtu kuwa mbakaji. Waliofanya mabaya hayo hawakuhitaji simu. Ninasema kwamba tunahitaji vijana wanaomwona mwanamke kama mtu kamili, na picha hizi zinavuta upande mwingine.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Hili si hubiri juu ya nguo za wasichana. Wapo watakaosoma maneno haya na kusema: unaona, wanawake wavae vizuri ndipo wasibakwe. Hapana! Wamama walibakwa shambani wakiwa na vitenge vyao, walibakwa usiku ndani ya nyumba zao, na wabibi pia. Kosa ni la aliyebaka. Mwanamke wa kwenye mchezo hakuchagua nguo yake. Kuna mtu aliyeketi ofisini akamchorea. Huyo ndiye ninayemuuliza swali.

Na maswali yanasaidia. Wachezaji walilalamika, na baadhi ya kampuni zikabadilika. Lara Croft, aliyeanza mwaka 1996 na kaptula fupi sana, alirudi mwaka 2013 akiwa na suruali ndefu. Katika Dark Souls, wa mwaka 2011, deraya nzito inafunika mwanamke sawasawa na mwanaume. Aloy wa Horizon Zero Dawn, wa mwaka 2017, anawinda akiwa amevaa kama mwindaji, na mchezo huo ulinunuliwa kwa mamilioni. Kwa hiyo wanaosema kwamba bila mapaja hakuna biashara, wanadanganya.

Wazazi, sisemi mnyang'anye watoto simu. Keteni nao dakika 10, muwaulize: huyu mwanaume amevaa nini, huyu mwanamke amevaa nini, na nani kati yao atarudi mzima? Watoto wana akili, wataona wenyewe. Na ninyi vijana mnaojifunza kuchora na kutengeneza programu, siku mkitunga mchezo wenu juu ya nchi hii, mpeni mwanamke vazi la kumlinda. Chapeo msisahau.