Kabuti la Babu Lina Maneno

Huko Navakholo, kaunti ya Kakamega, asubuhi huwa na baridi na mvua haiko mbali. Kwa hivyo kabuti la jeshi, lile zito la sufi, halikai bure nyumbani. Babu akishatuacha, mjomba hulivaa akienda kukama ng'ombe. Baadaye hupewa mlinzi wa shamba la miwa. Mwishowe hukatwa vipande likawa tandiko la mbwa, na hakuna anayelilia.

Je, msomaji, nguo kuukuu ya askari ina thamani gani hata itunzwe?

Tuwatazame Wamarekani. Mwaka 1861 walianza kupigana wao kwa wao, majimbo ya Kusini yakitaka kujitenga ili yaendelee na utumwa. Tarehe 24 Mei mwaka huo, Kanali Elmer Ellsworth, kijana wa miaka 24 na rafiki wa Rais Abraham Lincoln, aliingia mji wa Alexandria, jimbo la Virginia. Alipanda juu ya hoteli moja akaiteremsha bendera ya waasi. Akishuka ngazi, mwenye hoteli, James Jackson, alimpiga bunduki kifuani. Jackson naye aliuawa papo hapo.

Vita hivyo vilikwisha mwaka 1865, vikiwa vimeua watu zaidi ya 600,000. Koti la Ellsworth lipo hadi leo katika makumbusho ya jeshi ya jimbo la New York, mjini Saratoga Springs. Tundu la kifuani halikushonwa. Watu wa Kaskazini walimwita Ellsworth shujaa. Wa Kusini wakamwita Jackson shujaa. Anayelitazama koti lile hana budi kuuliza habari za wote wawili.

Nasi je? Makabuti ya wazee wetu aghalabu ni ya KAR, jeshi la mkoloni lililoundwa mwaka 1902. Watoto husimuliwa habari za Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani mwaka 1944. Hadithi hiyo ni tamu, kwa kuwa adui alikuwa mgeni na nchi ilikuwa ya mbali.

Lakini ipo sura nyingine ambayo hurukwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, vikosi vya KAR vilipelekwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwawinda wapiganaji wa Mau Mau. Na huko msituni ni nani aliyekuwa akiongoza? Mmoja wao alikuwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China, ambaye mwenyewe aliwahi kuvaa sare ya KAR na kupigana Burma! Alikamatwa Januari 1954. Vilikuwa vita vya ardhi na uhuru, naam, lakini viliwakutanisha Mwafrika na Mwafrika mwenzake, na vijijini homugadi akamgeukia jirani yake.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Waliopigana walinyamaza, wakalima. Sasa wazee wanatutoka, na kabuti linabaki bila mtu wa kulisemea. Mjukuu hawezi kujua kama babu alivuka bahari kwenda Burma, au alitumwa msituni, au yote mawili. Wala haifai kuyaficha hayo kwa aibu. Askari hutumwa, na mjukuu hastahili kuhukumiwa kwa alikotumwa babu yake. Anachostahili ni kuambiwa ukweli mzima.

Ikiwa kwenu lipo kabuti kama hilo, usikimbilie kulifua wala kulitia viraka. Lianike kivulini likauke kabisa, ulipanguse vumbi kwa brashi laini, kisha ulikunje ndani ya shuka safi ya pamba. Usilitie katika mfuko wa plastiki, maana unyevu utaliozesha. Lifungue mara kwa mara utazame nondo wasije wakalitafuna.

Kisha chukua daftari. Andika jina la mwenyewe, kikosi chake, mwaka alioandikwa jeshini na kila mahali alikotumwa. Kama mzee yu hai, keti naye Jumapili hii baada ya chai umwulize. Na akifika penye msitu akanyamaza, usimharakishe. Mngojee.