Cha Bure Kilimwingiza Mkenge

Wiki hii nilikuwa Singida mjini, kwenye kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Jioni nikajisogeza kijiwe kimoja cha drafti, si mbali na Ziwa Singidani.

Hapo kuna mshikaji, dereva wa bodaboda, kwa drafti ni kiboko. Siku hiyo dogo mmoja wa sekondari akaja na kete za chesi. Mkali wetu akacheka: "Ubao ni uleule, miraba 64. Kete tu ndiyo zimevaa makofia!" Dau likawa kuku mzima wa kuchoma.

Dogo akasogeza kete ya mbele ya malkia hatua mbili. Jamaa naye vivyo hivyo. Dogo akasogeza nyingine pembeni yake, haina mlinzi. Wazungu wanauita mchezo huo Queen's Gambit; mimi nauita chambo cha malkia. Jamaa akala fasta! Kwenye drafti ukiwekewa, lazima ule. Kwenye chesi hakuna lazima.

Tena kula si kosa. Kosa ni kung'ang'ania. Jamaa akapanga kete ya kuilinda ile ya bure, akapanga na ya pili. Zikalana pale pembeni, njia ya mshazari ikabaki wazi. Malkia wa dogo akachomoza, macho kwa macho na ngome ya kona ya mbali. Hatua ya sita tu, kwisha kazi!

Dogo akatupa stori: Julai 23, 1972, kule Reykjavik, Iceland, Bobby Fischer aliyezoea kuanza na kete ya mfalme alimgeuzia Boris Spassky mchezo huohuo. Spassky hakula chambo, ila alipigwa, na mwenyewe akampigia makofi.

Jamaa yetu hakupiga makofi. Alitazama ubao, akasema taratibu: "Ndivyo pikipiki yangu ilivyoondoka." Alipewa na tajiri mmoja bila kianzio, akachekelea. Kalipa miezi minane, kaumwa wiki mbili, pikipiki ikachukuliwa. Alicholipa kikaenda na maji. Sasa anaendesha ya mtu, kila jioni hesabu.

Washkaji, ukiwekewa cha chee, kabla hujala angalia kona ya mbali.

Kuku? Tulimla wote. Dogo alikataa kula peke yake. Tukutane wiki ijayo!