Kinjeketile si desa!

Leo nina neno, na najua kuna watu watanuna. Wanune tu.

Nimechoka na uhakiki wa madesa. Muulize mtu yeyote hapa chuoni kuhusu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, atakumwagia dhamira, migogoro, wahusika, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, vyote vimepangwa kama bidhaa za dukani. Sasa muulize: ushawahi kuiona jukwaani? Kimyaaa! Jamani, huyu ni sawa na mtu anayesifia pilau wakati hata harufu yake hajaisikia.

Tukumbushane kidogo. Tamthilia hii ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969. Mwaka uliofuata, 1970, ikatoka kwa Kiingereza, na aliyeitafsiri ni Hussein mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1969 Mwalimu Nyerere naye alitoa Mabepari wa Venisi, yaani Shakespeare kwa Kiswahili. Mnaona? Mmoja anakileta cha Waingereza kwetu, mwingine anakipeleka cha kwetu kwao. Hakuna hata mmoja aliyeomba radhi kwa lugha yoyote. Sisi wajukuu ndo tumejaa aibu.

Wahakiki wa vimbwetani ninawagawa makundi mawili.

Kundi la kwanza wanaikagua kama mtihani wa historia. Kinjikitile Ngwale wa kweli, yule wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndo vinaanza. Wa Hussein anaishi mpaka vita vinashindwa, tunamkuta gerezani. Basi wanashangilia: "Mwandishi kapotosha!" Kapotosha nini? Hussein alishasema mwenyewe kwamba Kinjeketile wake ni mhusika wa kubuni. Na huko kumcheleweshea kifo ndiko kunakotengeneza mchezo. Makadirio ya waliokufa katika vita vile na njaa iliyofuata yanaanzia 75,000 na kupanda. Mjerumani anamtaka Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Akitamka, wajukuu wataambiwa babu zao walipigana kwa upumbavu. Asipotamka, anaulinda uongo uliowapeleka watu kwenye risasi. Wewe ungefanyaje? Hilo halijibiwi kwa hoja tano zenye mifano.

Kundi la pili ni mapolisi wa lugha. Wako wanaosema tamthilia ya Kiswahili ni mambo ya sekondari, msomi asome ya Kiingereza. Wako pia wanaosema jukwaa lenye lugha mbili ni uchafu, chagua moja.

Hawa wa pili nina ugomvi nao binafsi. Muhula uliopita mimi na wenzangu tuliigiza kipande cha mwanzo, pale ambapo Wamatumbi na Warufiji hawaaminiani. Tukajaribu kitu: Warufiji wakazungumza Kiswahili, Wamatumbi tukawapa Kinyaturu, bila kutafsiri. Baadaye mheshimiwa mmoja (simtaji) akatuambia tumeharibu lugha mbili kwa mpigo. Wengine wakalalamika hawakuelewa nusu ya maneno.

Ndiyo, ndivyo tulivyotaka! Kwenye kitabu wote wanaongea Kiswahili kimoja kilichonyooka, kwa hiyo msomaji anajiuliza hawa watu wanagombea nini wakati wanaelewana vizuri tu. Siku ile, Wanyaturu waliokuwepo walicheka kwanza, na wasiojua Kinyaturu wakageuka kuwatazama kwa jicho baya: "Wanatucheka sisi?" Shaka ile ndiyo iliyokuwa ikimsumbua Kinjeketile, na sasa ilikuwa imekaa kwenye viti vya watazamaji. Kuunganisha watu wasiosikilizana lugha ni kazi ngumu. Ukitaka niione hiyo kazi, usiifiche kwa Kiswahili sanifu.

Najua mtaniambia: "Mwenzetu, mtihani haujali jukwaa, ukikamata sup usilie." Sawa, desa lina kazi yake, na mimi ninalo chini ya mto. Ila desa lilitokana na mchezo, mchezo haukutokana na desa. Tukifaulu wote na A zetu halafu hakuna anayeweza kusimama na kuigiza ukurasa mmoja, tumesoma nini?

Na kama kuna mkoa wa kufanya majaribio haya ni huu wetu wa Singida. Hapa kuna Wanyaturu, Wanyiramba, Wabarabaig, na kule Mkalama Wahadzabe ambao lugha yao haifanani na ya jirani yeyote. Hadithi nazo hatukosi. Uwanja wa Namfua siku hizi unaitwa Liti, na kila wikiendi ya mpira watu wanalitaja jina hilo. Wangapi wanajua ni jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu ambaye simulizi za wazee zinasema aliwatimua Wajerumani kwa nyuki? Kusini walikuwa na maji, sisi tulikuwa na nyuki. Wasukuma, Wachaga na watu wa Pwani mliojaa hosteli, mnalijua hilo?

Basi hoja yangu ni hii. Muhula huu tumwigize Liti. Liti na watu wake waongee Kinyaturu, askari waongee Kiswahili, na asiyeelewa akae aone raha ya kutokuelewa, kama babu zetu walivyoona amri zikitolewa kwa Kijerumani. Mapolisi wa lugha mnakaribishwa, viti vya mbele ni vyenu. Mje mtuhakiki mkishatuona, sio kabla.

Wanaotaka nafasi ya nyuki waanze kujitokeza, tunahitaji wengi. Nawasilisha.