Fataki Hazina Marudio: Jifunzie Olkaria Kwanza

Desemba ikikaribia wenye kamera mpya huanza lile swali lao: ninunue lenzi gani nipige picha za fataki za mwaka mpya pale KICC, Nairobi? Jibu langu huwa halipendwi. Usinunue lenzi. Nunua stendi ya miguu mitatu, kisha fanya mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Mimi ni mtu wa programu, na katika kazi yetu huwezi kuijaribu programu kwa mara ya kwanza siku wateja wanapoanza kuitumia. Fataki ni vivyo hivyo. Zinarushwa dakika chache, zinaisha, nawe unasubiri mwaka mzima. Anayejifunzia pale pale hurudi nyumbani na picha za moshi.

Kwa nini otomatiki hushindwa? Ndani ya kamera kuna programu ya kupima mwanga, na walioiandika walikisia kwamba picha ya kawaida, ukichanganya weupe na weusi wake, hutoa kijivu. Ikikutana na anga nyeusi inaongeza mwanga, mpaka usiku unakuwa kijivu na fataki zinageuka madoa meupe yasiyo na rangi. Kamera haijaharibika. Inafanya ilivyoambiwa. Anayejua kwamba ni usiku ni wewe.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwanga unaotembea una kanuni yake, na mwanga uliotulia una yake. Cheche ya fataki hupita mahali kwenye sensa mara moja na kuondoka. Ukiacha shata wazi zaidi, cheche haizidi kung'aa; unapata tu mistari mirefu na fataki nyingi zaidi katika picha moja. Ung'avu wake unaamuliwa na tundu la lenzi na ISO. Lakini jengo, au moshi uliotanda na kumulikwa, huzidi kung'aa kadiri shata inavyokaa wazi.

Huku Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, somo lote hilo ni la bure. Mvuke unaomulikwa na taa za mitambo usiku ndio moshi wako wa mazoezi. Taa za magari kwenye barabara ya Moi South Lake ndizo cheche zako. Usibadilishe tundu, piga kwa sekunde 2, kisha 4, kisha 8. Mistari ya taa za magari itarefuka bila kuzidi kung'aa, na mvuke utazidi kuwa mweupe. Usiku mmoja unatosha kuelewa.

Tahadhari mbili. Mitambo ina ulinzi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na viboko wa Ziwa Naivasha hutoka majini usiku kula nyasi. Pigia picha ndani ya ua, usisimame kando ya barabara. Tena tafadhali, fataki zenyewe zibaki mjini. Majabali ya Hell's Gate ni makao ya tumbusi, na hawahitaji kelele zetu.

Usiku wenyewe ukifika, anza hivi: ISO 100, tundu f/11, sekunde 4. Zima fleshi. Lenga taa ya mbali kwa mkono, kisha usiguse tena pete ya kulengea. Tumia kipima muda au waya wa kufyatulia ili kamera isitikisike. Simama upepo ukitokea mgongoni mwako, moshi uende mbali nawe, na uzipige zile fataki za kwanza kabla moshi haujatanda. Mwenye simu yenye mipangilio ya mkono aitumie, na simu ikae kwenye stendi.

Hayo ni maoni yangu. Mmoja na lenzi ya bei, mwingine na stendi na usiku mmoja wa Olkaria: tutalinganisha picha Januari.