Usimfungie Mtumiaji Njia ya Kurudi

Wadau, juzi nilikuwa saiba moja mjini Homa Bay. Jirani yangu, kijana kutoka Migori, alikuwa akitafuta fomu ya basari kwenye tovuti ambayo jina lake naliacha. Ukurasa ukasema umehama, na baada ya sekunde 5 ukamrusha kwenye mpya. Huko fomu haikuwepo. Akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, akarushwa tena. Mara nne! Na dakika zinalipiwa.

Chanzo ni window.location.href. Ukiitumia baada ya ukurasa kumaliza kufunguka, anwani ya zamani hubaki kwenye historia ya brauza. Brauza mpya hujaribu kuukwepa mtego huo, lakini kompyuta ile ilikuwa kuukuu. window.location.replace() huweka anwani mpya mahali pa ya zamani, na mtu anarudi salama.

Maoni yangu: ukurasa ukihama kabisa, iachie seva kazi hiyo kwa jibu la 301. Halihitaji JavaScript, na Google hulielewa. Kama huna ruhusa kwenye seva, tumia replace() na uweke kiungo cha kawaida pia. Uvivu wetu usilipiwe na mteja wa saiba.